Mistari Miwili Kando ya Neno

Kamusi ni kitabu ambacho watu wengi hukifungua na wachache sana hukihakiki. Mwalimu akibishana na mwanafunzi wake juu ya neno, kamusi huletwa mezani kama kadhi aletwavyo penye shauri, na hukumu yake haikatiwi rufani. Ni nadra sisi kuuliza kadhi huyo aliwasikiliza mashahidi gani, na ni wepi aliowaacha nje ya mlango. Ndiyo sababu tumeona yafaa, ijapokuwa kurasa hizi ni za Kiswahili, tuzungumze safari hii juu ya utafiti uliofanywa katika Kiingereza. Kitabu tunachokusudia ni Words of the World cha Bibi Sarah Ogilvie, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2012.

Bibi Ogilvie ni mwanaisimu wa Australia aliyepata kuwa mmoja wa wahariri wa Oxford English Dictionary. Basi anaandika kama mtu aliyewahi kuketi jikoni, si kama mpita njia aliyenusa harufu ya chakula. Swali lake ni moja: wahariri wa kamusi hiyo, mmoja baada ya mwingine, waliyapokeaje maneno yaliyoingia katika Kiingereza kutoka lugha za mbali, pamoja na yale yaliyozaliwa katika Kiingereza cha nchi za ng'ambo?

Ili tuupime uzito wa swali hilo, hatuna budi kuikumbuka historia ya kamusi yenyewe japo kwa ufupi. Mwaka 1857 Chama cha Filolojia cha London kilianza kulalamika kwamba kamusi za Kiingereza zilizokuwapo zilikuwa na mapengo mengi. Mwaka 1879 kazi ya kuyaziba ilimwangukia James Murray, Mskoti aliyekuwa wakati huo mwalimu wa shule huko Mill Hill. Tunalitaja jambo hili kwa fahari kidogo, kwa kuwa aliyeijenga kamusi hiyo mashuhuri alikuwa mtu wa chaki kama sisi. Murray alijenga banda la mabati, akalijaza vijikaratasi vilivyoletwa na wasomaji wa kujitolea kutoka nchi nyingi, kila kijikaratasi kikiwa na neno moja na sentensi iliyonukuliwa kutoka katika maandishi. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884. Murray alifariki mwaka 1915 kabla ya kuuona mwisho wa kazi yake, na kamusi ilikamilika mwaka 1928 ikiwa na vidahizo 414,825 na mifano ya matumizi 1,827,306.

Murray alikuwa na fikra moja ambayo kila mwalimu wa lugha afaa kuijua. Aliufananisha msamiati wa Kiingereza na duara lenye kitovu kinachoonekana wazi, lakini lisilo na mzingo unaotambulikana. Katikati yamo maneno ambayo hapana ayatiliaye shaka. Kadiri mtu aendavyo pembeni, ndivyo anavyozidi kushindwa kusema ni wapi lugha inapokoma. Kwa kuwa kazi ya mhariri ni kukata shauri, Murray aliyagawa maneno katika makundi manne, kama serikali igawavyo watu waishio katika nchi: wazaliwa, walowezi, wageni na wapita njia. Maneno yaliyohesabiwa kuwa bado ni mageni yaliwekewa mbele yake alama ya mistari miwili iliyosimama sambamba, ambayo wahariri wenyewe waliizoea kwa jina la reli za tramu. Neno lilikaribishwa ndani na kupewa kiti, lakini lilivalishwa kitambulisho ili wenyeji wasije wakasahau lilikotoka.

Mwaka 1933 wahariri William Craigie na Charles Onions walitoa nyongeza ya kamusi, na humo wakaiacha alama ile. Kisha mwaka 1957 kazi ya kutengeneza nyongeza mpya alipewa Robert Burchfield, mzaliwa wa New Zealand. Juzuu zake nne zilitoka kati ya mwaka 1972 na 1986, zikiwa na maneno zaidi ya 60,000. Burchfield alijipatia sifa ya kuwa ndiye aliyewafungulia mlango watu wa Australia, India, Afrika na Karibi. Wazee wa enzi ya Malkia Victoria, kwa upande wao, walidhaniwa kuwa watu wa fikra finyu ambao hawakuona kitu nje ya kisiwa chao. Simulizi hiyo ilikubaliwa na wengi, na Burchfield mwenyewe alichangia kuieneza.

Hapa ndipo thamani ya kitabu cha Bibi Ogilvie ilipo. Hakuipokea sifa hiyo wala hakuikanusha kabla ya kuhesabu. Alichukua sehemu ya nyongeza ya 1933 akailinganisha na juzuu za Burchfield, neno kwa neno. Matokeo yakaipindua simulizi. Wahariri wa kwanza ndio waliokuwa wakarimu. Murray alilaumiwa na wahakiki wa zamani zake kwa kuingiza maneno ya kigeni mengi kupita kiasi, naye akaendelea kuyaingiza. Burchfield, ambaye watu walimwita mfungua mlango, aliyaondoa maneno 17 katika kila 100 ya jamii hiyo yaliyokuwamo katika nyongeza ya 1933, kwa kadiri ya sehemu iliyochunguzwa. Tena aliirudisha ile mistari miwili ambayo watangulizi wake walikwisha iacha.

Msomaji asilichukulie jambo hili kuwa dogo. Nyongeza ya Burchfield ilikusudiwa kushika mahali pa ile ya 1933, na toleo la pili la kamusi, lililotoka mwaka 1989 katika juzuu 20, lilijengwa kwa kuunganisha kamusi ya awali na juzuu za Burchfield. Kwa hiyo neno aliloliruka yeye halikuwa na njia nyingine ya kufika. Hivyo ndivyo lilivyopotea balisaur, jina la mnyama wa India afananaye na melesi; ndivyo lilivyopotea danchi, jina la kichaka cha Bengali; na ndivyo lilivyopotea boviander, ambalo katika Guyana ya Waingereza lilikuwa jina la watu wa damu mchanganyiko waishio kandokando ya mito. Mmea ukikosa kidahizo haupungukiwi na kitu, kwani utaendelea kumea. Watu wakikosa kidahizo, habari ni nyingine.

Kitabu kilipotoka, gazeti moja la Uingereza lililitangaza jambo hilo kana kwamba ni wizi uliogunduliwa: mhariri kafuta maneno kwa maelfu kwa siri. Yatupasa kuwa waadilifu kuliko gazeti hilo. Hesabu ya 17 kwa 100 inahusu maneno ya jamii moja katika nyongeza moja. Haihusu kamusi nzima. Tena mtu aliyeongeza maneno zaidi ya 60,000 hawezi kuitwa adui wa maneno. Mtetezi wake aweza kusema kwamba nafasi katika karatasi ina mpaka, na kwamba neno lililotajwa mara moja tu katika kitabu cha msafiri halina haki sawa na neno linalosemwa na mamilioni. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo haijibu swali la msingi: kwa nini mtu afutaye asifiwe kwa kufungua? Bibi Ogilvie hakumshtaki Burchfield kwa ubaya wa moyo. Alichoonyesha ni kwamba nia njema ya mhariri haitoshi kuwa ushahidi, na kwamba sifa ya kitabu yapasa kupimwa ndani ya kitabu chenyewe. Kwa sisi tulio wepesi kurudia sifa za wakubwa, hilo ni somo la kwanza.

Pamoja na hayo, tunaona upungufu katika mbinu yenyewe, nao hautokani na mwandishi huyu peke yake bali na elimu nzima ya kamusi za namna hii. Shahidi wake ni karatasi. Neno la Kiafrika halikuweza kuingia katika kamusi ya Oxford mpaka mtu aliandike katika Kiingereza, na kwa muda mrefu waliofanya hivyo walikuwa msafiri, mmisionari, mwindaji na afisa wa serikali. Matokeo yake ni kwamba maneno yaliyopita mlangoni kwa wingi ni majina ya miti, wanyama, vyakula na vyeo, yaani vitu ambavyo mgeni huviona kwa macho. Maneno ya fikra, ya mizaha na ya huzuni, ambayo mgeni hawezi kuyasikia asipokaa sana, hayakupata mwandishi wa kuyabeba. Kuhesabu yaliyoingia na yaliyofutwa ni kazi ya lazima. Lakini yale yasiyofika hata kwenye kijikaratasi hayamo katika hesabu yoyote.

Mambo yamebadilika kwa kiasi. Mwaka 2022 wahariri wa Oxford walitangaza vidahizo karibu 200, vipya na vilivyohaririwa upya, vya Kiingereza cha Afrika Mashariki, na miongoni mwake yamo maneno yetu wenyewe kama jembe, nyama choma na sambaza. Safari hii mashahidi ni pamoja na magazeti na maandishi ya watu wa Afrika Mashariki, wala si ya wapita njia peke yao. Wengi walishangilia, nasi hatuwalaumu. Lakini tulitazame neno sambaza. Katika Kiswahili mtu husambaza habari, mbegu, mali, hata uvumi. Katika Kiingereza cha Kenya neno hilo limebanwa hadi kwenye maana ya kumtumia mtu salio la simu na mfano wa hayo. Oxford haikukosea, kwa kuwa kazi yake ni kueleza Kiingereza. Tutakaokosea ni sisi, tukidhani kwamba kamusi ya watu wengine ikilipokea neno letu, basi neno hilo limekwisha kutunzwa. Kutunzwa kwake ni kazi ya kamusi zetu na madarasa yetu.

Hapo ndipo utafiti huu unapotugusa sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi zilizo magharibi ya pwani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kongo, Rwanda na Burundi, zilizokuwa chini ya Ubelgiji, hazikuwamo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ni tunda la kazi ya kamati hiyo, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilitolewa na taasisi iliyoirithi. Hatusemi hivi kwa kinyongo. Bila usanifu huo mwanafunzi wa Bukavu na wa Tanga wasingeweza kusoma kitabu kimoja. Twasema tu kwamba duara letu nalo lina kitovu kilichochaguliwa mahali fulani, mwaka fulani, na watu fulani.

Sasa mtoto wa Kongo anaandika katika insha kwamba nyumbani kwao wamekula bukari na sombe, na kwamba baba hakuwa na franga za kununua samaki. Mwalimu anachukua kalamu nyekundu na kukata mara tatu: ugali, kisamvu, fedha. Tunauliza: amesahihisha nini? Lau mtoto angeandika kwamba watu wamekula ukiwaambia viti "vile watu", tungesema amevunja sarufi. Hapa hakuvunja kitu. Ametaja chakula kwa jina ambalo mama yake alikitaja alipokuwa akikipakua. Kalamu ile imefanya kwa dakika moja kile alichokifanya Burchfield katika juzuu nne, tena bila hata kuacha mistari miwili ya kumjulisha mtoto kwamba neno lake lilipata kuwapo.

Wenzetu watatuuliza: je, mnataka kila mtu aandike apendavyo, na mtihani usahihishwe kwa lugha gani? Jibu letu ni kwamba usanifu ubaki, na mtahiniwa afundishwe kuutumia barabara. Ila mwalimu atenge mambo mawili ambayo kalamu nyekundu huyachanganya: kosa, na neno la mahali. Kosa likatwe. Neno la mahali liandikwe pembeni pamoja na lile la sanifu, na mtoto aambiwe ni wapi hili litamfaa na ni wapi lile. Kufanya hivyo hakuhitaji fedha wala kibali. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, na Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Itakuwa ajabu basi kama lugha itakuwa yetu katika sheria na ya jirani katika msamiati.

Jambo la pili ni kukusanya. Murray hakuanza na mashine. Alianza na vijikaratasi na watu wenye nia. Kila mwalimu msomaji wa kurasa hizi aweza kuwa na kisanduku chake darasani. Juu ya kijikaratasi liandikwe neno, sentensi kamili kama ilivyosemwa, mahali, mwaka, na kama neno limesikiwa sokoni, nyumbani au kanisani. Hapo tutamzidi Murray kwa jambo moja, kwa kuwa tutampokea shahidi wa mdomo ambaye Oxford haikumpa nafasi. Tusingoje mpaka neno litokee kitabuni ndipo tuliamini. Watunga kamusi watakapokuja kutuuliza, au tutakapowaendea sisi wenyewe, tuwe na kisanduku cha kuweka mezani.

Kitabu cha Bibi Ogilvie tunakipendekeza kwa kila mwalimu asomaye Kiingereza, hasa kwa wale wafundishao lugha zote mbili katika chuo cha ualimu. Kinasomeka bila taabu kubwa, na hesabu zake zaweza kufuatwa hata na asiye mwanaisimu. Akikimaliza, mwalimu achukue madaftari ya insha ya muhula uliopita, ayahesabu maneno aliyoyakata, na ajiulize ni mangapi katika hayo yalikuwa makosa.