Nywila, Yaani Neno la Siri: Uhakiki wa Lugha ya Makundi Yetu

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili Uganda, makundi ya WhatsApp yamekuwa darasa la pili. Katika kundi moja nililomo wapo Wakenya, Watanzania, Wanyarwanda na sisi wa Kampala, na lengo lililoandikwa ni kusaidiana masomo. Ninachokihakiki hapa ni lugha inayotumika humo, hasa ya wenzetu wanaojiona mafundi wa istilahi.

Mfano mmoja unatosha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikuwa amesahau neno la siri la barua pepe yake, na kazi yake ilitakiwa kesho yake asubuhi. Akaomba msaada. Alijibiwa afungue kivinjari kwenye tarakilishi au kipakatalishi, abadilishe nywila, kisha aambatishe faili upya. Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Aliyeuliza alikaa kimya, na baada ya saa mbili akauliza swali lilelile kwa Kiingereza. Hapo msimamizi wa kundi aliingia. Alimwomba ndugu aliyejibu atumie maneno yanayojulikana na wote, au neno geni lifuatwe na maelezo yake. Ndugu yule alikataa. Alidai kwamba msimamizi anakidunisha Kiswahili, akaendelea kutuma orodha ndefu za istilahi mpaka jumbe zake zikafutwa. Katikati ya zogo hilo mwanafunzi mwingine, Mkenya, alimwandikia mwuliza swali sentensi mbili nyepesi, tatizo likaisha.

Wapo waliomwona mwenye istilahi kuwa shujaa. Mimi simwoni hivyo.

Tuyatazame maneno yenyewe. "Pakua" na "pakia" yalipoingia kwenye simu hayakuhitaji mkalimani, kwa sababu watu walikuwa wakipakua chakula chunguni na kupakia mizigo kwenye malori tangu zamani. "Bofya" nalo lilikuwa la mtu anayeminya embe kwa kidole kujua kama limeiva. "Kishikwambi" ni gumu zaidi, lakini kwa Tanzania lilipata bahati: makarani wa Sensa ya mwaka 2022 walifanya kazi wakiwa na vishikwambi mkononi, kisha vifaa hivyo vikagawiwa walimu, na neno likasafiri pamoja na kitu chake. "Nywila" haijapata safari kama hiyo. Halafu inashindana na "neno la siri", ambalo linajieleza lenyewe hata kwa aliyeanza Kiswahili juzi. Kuhusu kompyuta, tofauti ni ya mipaka: Mkenya amekutana na "tarakilishi" katika vitabu vya shule, Mtanzania huandika "kompyuta", na sisi wa Uganda tunasoma vitabu vya pande zote mbili na kuchanganyikiwa kwa zamu.

Wanaomtetea husema lugha isiyotumia maneno mapya haikui. Hilo ni kweli, ila halihusiani na kilichotokea. Msimamizi hakuikataza "nywila". Aliomba "yaani" moja tu. Nywila, yaani neno la siri. Kwa maneno hayo machache mwanafunzi angepata msaada na istilahi kwa pamoja, na pengine kesho yake angeitumia mwenyewe. Aliyekataa kufafanua ndiye aliyelizuia neno lisienee.

Jambo hili si dogo kwetu. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi yapo, lakini wengi tumekua tukisikia kwamba Kiswahili ni lugha ya askari, lugha ya kuamrishwa. Mwanafunzi wa Kampala anayejiunga na kundi amekwisha kubishana nyumbani kuhusu chaguo lake la somo. Akifika kundini akajibiwa kwa lugha inayomfanya ajione mjinga, atarudi kwenye Kiingereza au Kiganda, wala hataaga.

Ndiyo maana naona msimamizi alistahili kutiiwa. Aliomba kwa adabu, akarudia, ndipo akafuta. Mwenye malalamiko angeweza kumwandikia pembeni. Kubishana naye mbele ya kundi zima kulilifunika swali la mtu aliyekuwa akihesabu saa. Hata hivyo, msimamizi naye ana lawama yake: alifuta bila kutaja kanuni iliyovunjwa. Walioingia jioni walikuta alama za jumbe zilizofutwa tu, wakadhani ni ule ugomvi wa kawaida wa Kenya na Tanzania, nao wakauanzisha upya. Sentensi moja ya sababu ingewanyamazisha.

Ugonjwa huu umo pia katika insha zetu, ambamo "udhanaishi" na "usasabaadaye" humwagwa ili ukurasa ujae. Huko angalau mhadhiri husahihisha, na istilahi imefasiliwa darasani kabla.

Linalonisumbua bado ni "kivinjari". Limetokana na "vinjari", kuzungukazunguka ukichunguza, na mtu wa pwani huenda akalipata mara moja. Niliwauliza wenzangu watano darasani kwetu. Wawili walidhani ni aina ya samaki.