Mchoro Umebeba Bahari, Hadithi Imezama

Kuna vitabu ambavyo ukisimuliwa hutavitaka, lakini ukivifungua hutavifunga upesi. Kimojawapo ni Children of the Sea, manga ya Daisuke Igarashi, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1969 na kusomea uchoraji katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tama. Kwao inaitwa Kaijū no Kodomo. Ilitoka kidogo kidogo katika jarida la Ikki kuanzia mwishoni mwa 2005 hadi 2011, ikakusanywa katika juzuu tano, na mwaka 2009 ikapewa tuzo na Chama cha Wachora Katuni wa Japani. Wasomaji wengi wanasifu mchoro wake bila kubisha. Wengi hao hao wanakiri kwamba mwisho wake hawakuuelewa. Mimi nimo katika makundi yote mawili.

Nimeisomea Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, mahali ambapo ni vigumu kumdanganya mtu kuhusu maji. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, unaona mawe ya chini na visamaki vya buluu na njano vikizunguka kila kimoja kwenye jiwe lake. Mwera ukianza kuvuma, ziwa hilo hilo linageuka bahari na mitumbwi inabaki mchangani. Aliyekulia kando ya maji ya namna hii akionyeshwa mchoro wa maji, anajua papo hapo kama mchoraji aliyatazama mwenyewe au alihadithiwa.

Igarashi aliyatazama.

Wachoraji wengi wa manga hutumia nibu ya kuchovya kwenye wino, ambayo ukiikandamiza mstari unanenepa na ukiilegeza unakonda. Ndiyo inayowapa mashujaa wao ile mistari ya mbwembwe. Igarashi huchora kwa peni ya kawaida, ya aina anayoandikia mwanafunzi wa shule ya msingi. Peni haina mbwembwe. Mstari wake ni mwembamba mwanzo hadi mwisho, na ukitaka giza hakuna njia ya mkato: unarudia mstari juu ya mstari mpaka karatasi ikubali.

Anayetaka kuielewa kazi hiyo apande milima ya Umatengo, huko Mbinga. Kwenye miteremko ya Litembo na Kindimba, wakulima hufyeka nyasi na kuzilaza kwa safu zinazokatizana, mraba kwa mraba, kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi. Katikati linabaki shimo, pembeni yanabaki matuta ya kupandia maharage, na mvua ikinyesha maji yananaswa mashimoni badala ya kuuporomosha mlima. Hiyo ndiyo ngoro. Mistari ya Igarashi inafanya kazi ile ile. Inakatizana, inaacha vijishimo vya karatasi nyeupe, na mwanga unanaswa humo. Hakuna mstari hata mmoja wa kujivunia peke yake, kama lisivyokuwapo shimo moja la ngoro la kumwonyesha mgeni. Utamu uko kwenye mlima mzima. (Wajapani wenyewe wanaijua ngoro: miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikuja Mbinga kuichunguza pamoja na wenzao wa Sokoine.)

Igarashi angeielewa upesi, maana naye amewahi kushika jembe. Kabla ya kitabu hiki alihamia kijijini katika mkoa wa Iwate, kaskazini mwa Japani, akawa analima chakula chake, na maisha hayo ndiyo yaliyozaa Little Forest, manga ya kupanda, kuvuna na kupika. Kwa hiyo peni yake haikuanza kwenye bahari ya kufikirika. Ilianza kwenye vitu vinavyoshikika, na inaonekana. Kidole kilicholoa anakichora tofauti na kidole kikavu. Mvua yake si vistari vya kushuka tu. Ina uzito, unajua imeanza sasa hivi au imenyesha tangu usiku. Samaki wake wana macho ya samaki, yaani macho yasiyokutazama, wakati wachoraji wengi huwapa samaki macho ya watu ili tuwapende.

Na mistari yake haifungi. Wa bega unakatika, unaruka nafasi, unaanza tena mbele kidogo, na jicho lako linamalizia lenyewe. Mwanafunzi wa uchoraji angeambiwa arudie. Lakini ukimweka mtu mwenye mistari hiyo ndani ya maji, kosa linageuka kuwa ukweli, kwa sababu majini hakuna kitu chenye ukingo kamili. Mwanga nao haukuchorwa kabisa. Ni karatasi aliyoiacha, baada ya kuhangaika na kila kilichouzunguka.

Sasa hadithi. Inaanza vizuri, na hilo ndilo linalouma. Ruka, msichana wa shule, anamuumiza mwenzake katika mpira wa mikono na kuondolewa kwenye timu likizo ya kiangazi ikianza. Anakwenda kwenye jumba la samaki anakofanya kazi baba yake, na huko anakutana na Umi, kisha Sora, wavulana wawili waliolelewa baharini na nguva. Wakati huo samaki wanatoweka kwenye matangi ya majumba kama hayo duniani. Kwa msomaji wa pwani hii habari hiyo haiko mbali. Visamaki vya kwenye mawe yetu vinafugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya na Asia, na kimoja kinauzwa kwa jina la kisiwa chetu cha Hongi. Kwa hiyo nilikaa vizuri, nikasubiri kuambiwa samaki wanakwenda wapi.

Sikuambiwa. Badala yake mambo yanaongezeka bila kupungua. Kinaanguka kimondo (ndiyo, kama kile cha Mbozi, ila hiki kinamezeka). Wanakuja wataalamu, nyangumi wanaimba, inatajwa sherehe ya kuzaliwa inayohusu bahari, nyota na tumbo la mama kwa mpigo mmoja. Wataalamu wanaelezana. Wakimaliza, anakuja mwingine anawaeleza wao. Ugomvi wa Ruka na wenzake, uliotuingiza kitabuni, unawekwa kando kwa mamia ya kurasa. Filamu iliyotengenezwa na Studio 4°C mwaka 2019 ilijitahidi kuilinda ile mistari ya peni, ikatiwa na muziki wa Joe Hisaishi, na bado watazamaji walitoka na maswali yale yale.

Hapo nilipokwama nilikwamuliwa na kijana mmoja wa Mbinga mjini anayechora mabango ya saluni na maduka. Nilimwazima juzuu zote tano. Kiingereza hakimpandi, kwa hiyo hakujisumbua na maneno. Nilimwonyesha tu kwamba kitabu hiki kinafunguliwa kutoka kulia, kama msahafu, akaenda nacho. Alipokirudisha nilimuuliza ameelewa nini. Akasema binti ana hasira na watu, bahari inamchukua, inamwonyesha alikotoka, anarudi hasira zimekwisha. Ni usimulizi bora kuliko wowote niliousoma kuhusu kitabu hiki. Kisha akauliza: “Ila kaka, yule jamaa mwenye tatuu anaongea sana. Anasemaje?” Nilianza kumweleza, nikaona namharibia kitabu.

Kwa hiyo udhaifu wa manga hii nadhani nimeuona ulipo. Umejaa kwenye viputo vya maneno. Picha zinasimulia hadithi fupi, iliyonyooka, na ya kale kama hadithi za bibi. Maneno yanasimulia nyingine juu yake, ndefu na iliyochoka, kana kwamba mwandishi hakumwamini mchoraji. Ushahidi ni sehemu ya mwisho, ambako Igarashi ananyamaza kwa kurasa nyingi mfululizo na kuiacha peni iende peke yake. Hizo ndizo kurasa anazopaswa kuzisoma polepole kila anayejifunza kuchora, akiwa na taa nzuri.

Lakini sikubaliani na wanaosema uzuri wa picha unasamehe yote. Mtu aliyeweza kuutunza mwanga mmoja kwa mistari elfu alikuwa na wajibu wa kuitunza na sentensi. Huko huko Japani wapo waliolitatua jambo hili kwa kukiri tu kwamba mkono mmoja hautoshi. Takeshi Obata alianza mwaka 1989 na manga aliyoiandika na kuichora mwenyewe, kuhusu babu aliyegeuka nusu mashine, na haikufika mbali. Baadaye akachora Hikaru no Go iliyoandikwa na Yumi Hotta, kisha Death Note ya Tsugumi Ohba, iliyotoka kuanzia 2003 hadi 2006, na leo vijana wa Dar es Salaam na Songea wanaitazama katuni yake kwenye simu. Mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu mwingine aliyekaa akafikiri nini kitokee baada ya nini.

Sisi jambo hilo tulilijua mapema. Jarida la Sani, lililowachekesha Watanzania kwa kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, lilianzishwa na watu wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, na jina lenyewe limetokana na majina yao. Mmoja wa wachoraji wake wakubwa, Philip Ndunguru, ana ukoo ambao Mbinga utaitikiwa kila kona ukiuita. Alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wachoraji waliomfuata waliendelea kujifunza kwenye kurasa zake. Kurasa zile hazikuwa na umaridadi wa Igarashi. Ila ulijua Lodi Lofa anataka nini, na nani anamzuia.

Vijana wa Ruvuma wenye mikono ya kuchora ni wengi kuliko magazeti ya kuwachapisha, na sasa wengi wanajifunzia kwenye manga. Wajifunze, na Igarashi wamweke juu kabisa ya orodha kwa upande wa maji, mvua na ngozi. Lakini kabla hujaanza kitabu chako, mtafute mtu wa Liuli au Lituhi anayejua kusimulia mpaka watu wakasahau kwenda kulala, mkae pamoja, mgawane kazi na mapato, na majina yote mawili yaandikwe kwenye jalada. Akikwambia kiputo fulani hakina kazi, kifute.