Man U: Nyumba ya Mafundi Sita

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haina ushabiki. Msimu wa 2024/25 Manchester United ilimaliza ya 15 kwenye ligi: alama 42, mechi 18 za kupoteza kati ya 38, mabao 44 ya kufunga na 54 ya kufungwa. Ubaya wa namna hiyo haukuwa umeonekana tangu msimu wa 1973/74, ule ambao timu ilishushwa daraja. Halafu Mei 21 tukaenda Bilbao kwa fainali ya Ligi ya Uropa. Tukakutana na Tottenham, timu iliyomaliza ya 17 kwenye ligi hiyo hiyo, na hao pia wakatufunga 1-0. Bao likaandikiwa Brennan Johnson. Sidhani hata yeye mwenyewe anajua mpira ulimgusa wapi.

Nikitoa hesabu hii kwa base, jibu huja kabla sijamaliza: kocha afutwe. Wengine watasema Bruno amezeeka, wengine watasema ni laana ya Ferguson. Mimi nasema hivi: kikosi cha Man U ni rundo la maamuzi ya watu waliokwisha kuondoka, na bili ya makosa yao hulipwa na watu ambao hawakuyafanya. Hadi hilo libadilike, unaweza kumleta kocha yeyote unayemtaka na bado tutakuwa hapa mwaka ujao tukihesabu vichapo.

Tangu Ferguson astaafu mwaka 2013 hadi 2025, klabu iliajiri makocha sita wa kudumu, ukiwaacha wale wa kushikilia: Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Ten Hag, na Amorim. Mtu yeyote aliyewahi kujenga, hata chumba kimoja huko ushago, anajua fundi mpya akifika hufanya nini. Kwanza anacheka. "Ni nani alikujengea hii?" Anabomoa ukuta mmoja, anauacha mwingine kwa sababu pesa zimeisha, anafungua mlango pale ambapo mwenzake alipanga jikoni. Akija wa sita, hakuna mtu anayekumbuka ramani ilikuwa ya nyumba gani.

Pita ndani ya kikosi uone. Luke Shaw aliletwa 2014, msimu wa Van Gaal. Diogo Dalot ni wa Mourinho, 2018. Harry Maguire, pauni milioni 80, ni wa Solskjær, na Bruno Fernandes vilevile, Januari 2020. Casemiro, Lisandro Martínez, Mason Mount, De Ligt, Mazraoui, Zirkzee na Ugarte wote waliingia Ten Hag akiwa kocha. Juu ya hao Amorim aliongezewa Dorgu, Cunha, Mbeumo na Šeško. Van Gaal alitaka mpira ukae miguuni. Mourinho alitaka kujifungia nyuma na kusubiri. Solskjær alitaka mbio za kushtukiza. Amorim alitaka mabeki watatu, mabeki wa pembeni wanaopanda na kushuka dakika zote 90, na viungo wawili tu katikati. Hapo Dalot, aliyenunuliwa kuwa beki wa kulia wa kawaida, akaambiwa afanye kazi ya winga. Amad Diallo, ambaye ni winga, akaambiwa akabe kama beki. Garnacho na Rashford, mawinga halisi, wakakosa hata kiti cha kukalia: mwaka 2025 mmoja aliuzwa Chelsea kwa pauni milioni 40, mwingine akaenda Barcelona kwa mkopo.

Na hasara yake si ya alama tu. Antony alinunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 80 akauzwa Betis kwa takriban milioni 22. Jadon Sancho aligharimu milioni 73. Chelsea walimchukua kwa mkopo, kisha wakaona afadhali walipe faini ya pauni milioni 5 kuliko kumnunua. Mwaka 2025 akapelekwa Aston Villa, tena kwa mkopo. Højlund, milioni 64 kabla ya nyongeza, alipelekwa Napoli mwaka 2025. Na kwa kuwa tumefika Napoli: Scott McTominay, kijana aliyelelewa kwetu tangu utotoni, aliuzwa huko Agosti 2024 kwa takriban milioni 25. Msimu wake wa kwanza alishinda ligi ya Italia na akatangazwa mchezaji bora wa ligi nzima. Yaani kiungo tuliyeona hatufai amekuwa mfalme kwa watu wengine, na sisi tumebaki tukilia hatuna kiungo.

Machi 2025, Jim Ratcliffe, tajiri anayemiliki zaidi ya robo ya klabu na anayesimamia mambo ya uwanjani, alitaja hadharani majina ya wachezaji aliosema aliwarithi na ambao klabu bado ilikuwa ikiwalipia: Antony, Casemiro, Onana, Højlund, Sancho. Ni kweli aliwarithi. Lakini hiyo ndiyo sauti ya fundi mpya akimcheka wa jana, na yeye pia ameshaweka matofali yake. Kiangazi cha 2024 ni watu wake waliokaa na Ten Hag, wakaangalia kombe la FA alilolipata kwa kuwafunga City, wakamwongezea mkataba Julai. Wakamnunulia De Ligt, Yoro, Mazraoui, Zirkzee na Ugarte, wachezaji wa mfumo wake. Oktoba 28 wakampiga kalamu, timu ikiwa ya 14. Kisha wakamlipa Sporting euro milioni 11 ili wamchukue Amorim, kocha ambaye kila mtu Ureno alijua hachezi bila mabeki watatu nyuma. Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo waliyemsubiri kwa miezi atoke Newcastle, alidumu miezi mitano. Vitabu vya klabu yenyewe vilionyesha kwamba kuwaondoa Ten Hag, wasaidizi wake na Ashworth kuligharimu pauni milioni 14.5.

Sasa uliza nani alilipa.

Mwaka 2024 klabu ilipunguza wafanyakazi wapatao 250. Februari 2025 ikatangaza kwamba wengine hadi 200 wangemwaga unga. Chakula cha mchana cha bure kwa wafanyakazi wa Old Trafford kikafutwa, wakabakishiwa matunda. Katikati ya msimu tiketi za mechi zilizokuwa zimebaki zikapanda hadi pauni 66, mtoto na mzee bei moja. Hawa watu wa jikoni na wa kukagua tiketi hawakumnunua Antony. Hawakuongeza mkataba wa mtu yeyote Julai kisha wakamfukuza Oktoba. Nimewahi kufanya kazi ndogo baada ya kuacha chuo, katika ofisi ambayo wakubwa walipoharibu hesabu, tuliorudi nyumbani kwanza ni sisi tuliokuwa tukihesabiwa dakika za chai. Kwa hivyo nikisoma habari ya matunda, sioni Uingereza. Naona mtu aliyeambiwa ajifunge mkanda na mwenzake aliyekula nyama.

Si ati haya yalianza na Ratcliffe. Familia ya Glazer ilichukua klabu mwaka 2005 kwa pauni milioni 790, sehemu kubwa ikiwa mkopo uliowekwa mgongoni mwa klabu yenyewe. Tumekuwa tukilipa riba tangu wakati wengi wetu tuko chekechea. Ni kama msee achukue mkopo wa simu kwa jina lako, anunue nyumba yako, kisha akutoze kodi.

Turudi uwanjani, kwa sababu dirisha la kiangazi cha 2025 lilipofungwa kuna watu walianza kuimba. Nitakuwa mkweli: mbele tumenunua vizuri. Matheus Cunha alifunga mabao 15 ya ligi akiwa Wolves, timu iliyokuwa ikipigania uhai. Bryan Mbeumo, Mkameruni, alifunga 20 akiwa Brentford. Hao ni watu waliokwisha kuthibitisha kwenye ligi hii hii, si bahati nasibu ya mtoto wa miaka 20 aliyefanya vizuri wikendi mbili. Benjamin Šeško ni kijana, ana mwili na ana kasi, mpeni muda. Hata golini, kumleta Senne Lammens kutoka Antwerp kwa takriban milioni 18 na kumpeleka Onana Trabzonspor ni hatua ya maana, ingawa kipa kijana atafanya makosa na lazima tujiandae.

Lakini hesabu tena. Zaidi ya pauni milioni 190 zimeenda kwa watu watatu wa mbele. Katikati? Sufuri. Walimtaka Carlos Baleba wa Brighton, bei ikawashinda, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Na huo mfumo wa Amorim ulikuwa na viungo wawili peke yao. Ukiwa na wawili tu katikati dhidi ya watu wanaocheza na watatu, hao wako wawili lazima wawe na mapafu ya farasi. Mwaka 2025 Casemiro alikuwa na miaka 33. Bruno alitimiza 31 mwaka huo, na yeye ni mtu wa pasi ya mwisho. Ukimvuta nyuma akabe, umepoteza mpishi na hujapata mlinzi. Ugarte anajua kunyang'anya mpira ila hajui aufanyie nini baadaye. Kobbie Mainoo, wa miaka 20 wakati huo, aliye na utulivu ambao wenzake hawana, alikalia benchi hadi ikaripotiwa aliomba kutoka kwa mkopo, akakataliwa. Tumeezeka mabati mapya yanayong'aa na msingi bado una ufa.

Agosti yote ya 2025 ilituonyesha huo ufa. Arsenal 0-1, nyumbani. Fulham 1-1, Bruno akikosa penalti. Kisha Agosti 27, Grimsby Town, timu ya daraja la nne. Kufikia mapumziko tulikuwa nyuma 2-0. Mbeumo na Maguire wakarudisha, tukaenda kwa penalti, tukapoteza 12-11. Watu walicheka ile penalti ya mwisho ya Mbeumo iliyogonga mwamba, lakini penalti haikuwa shida. Shida ni ule muda wote wa kwanza ambapo vijana wa Grimsby walipita katikati yetu kama watu wanaopita njia ya mkato ya mtaani kwao. Burnley tuliwafunga 3-2 kwa penalti ya dakika za nyongeza, na nikaona watu wakisherehekea kama tumeshinda kombe. Kwa kufunga timu iliyopanda daraja juzi!

Amorim naye hakuwa na kinga. Katika alama 42 za msimu wa 2024/25, yeye alileta 27 kwa mechi 27. Ni kweli aliingia Novemba bila maandalizi na bila wachezaji wake. Ni kweli pia alishinda ligi ya Ureno mara mbili na mfumo huu huu, kwa hivyo si mtu wa kubahatisha. Ila fundi mzuri hupima kiwanja kabla ya kuchora. Kama mbao ulizo nazo ni fupi, huwezi kuendelea kulalamika kwamba chumba ni kikubwa. Angeweza kuongeza kiungo wa tatu katika mechi ngumu bila dunia kuisha. Alikataa. Na yeye alifutwa mwaka 2026. Fundi anayemfuata atacheka, atasema hawa wote si wangu, na Cunha na Mbeumo wataingia kwenye orodha ya waliorithiwa.

Matarajio yangu? Msimu wa 2025/26 hatukuwa na mpira wa Ulaya, kombe la ligi tulikuwa tumeshatolewa, kwa hivyo ilikuwa mechi moja kwa wiki na muda wa mazoezi wa kutosha. Kwa hilo tu, na kwa mabao ya wale watatu wa mbele, niliona nafasi kati ya saba na kumi. Si zaidi. Tukifikia kuuza na kununua tena, nitaangalia kitu kimoja: kama wamemleta kiungo anayeweza kucheza mfumo wowote, wa Amorim au wa mwingine. Hiyo itakuwa ishara kwamba kuna mtu pale anayenunua kwa ajili ya klabu.

Kuna wenzangu watasema, wewe uko Nairobi, kelele za nini? Kelele ni za mtu anayelipa. Hatulipi pauni 66, lakini tunalipa kiingilio cha banda kila wikendi, tunanunua jezi hata kama ni ile ya Kamukunji, na kuna wasee wamepoteza pesa za rent kwa kuamini kwamba Man U haiwezi kufungwa na Grimsby. Klabu inajua tupo. Wakienda kwa wadhamini, mashabiki wa Afrika huhesabiwa kama mali. Basi mali nayo ina haki ya kuuliza maswali.

Langu ni hili, na nitaliuliza msimu ukiisha: mchezaji mwingine wa milioni 70 akiharibika, ni nani atakayepoteza kazi? Wakimfuta tena mpishi, tutakuwa tumejua nyumba bado ni ile ile. Siku watakayomfuta aliyetia sahihi hundi, mniite, nitakuja na jezi mpya.