Uji wa Udongo katika Mtungi wa Exekias

Watu wengi hudhani kuwa pambo la chombo ni nguo ya kuazima: chombo hufinyangwa kwanza, kisha huvishwa. Mtungi wa Exekias, uliofanywa Athens kati ya miaka 540 na 530 kabla ya Kristo, na ambao sasa umehifadhiwa Vatican, waikanusha dhana hiyo. Kimo chake ni kama sentimita 61. Ubavuni mwake wameketi Achilles na Ajax, mashujaa wa vita vya Troy, wameinamia mchezo wa dado na mikuki ingali mikononi. Kando ya midomo yao yameandikwa maneno: Achilles asema nne, Ajax asema tatu.

Weusi wa watu hawa si rangi ya kupakwa. Ni uji wa udongo wenye chuma, uliochujwa majini hata zikabaki chembe laini kabisa. Tanurini mtungi ulipata hewa, ukanyimwa hewa, kisha ukapata hewa tena. Uliponyimwa, wote uligeuka mweusi, na uji ule ukashikamana kama kioo. Hewa iliporudi, udongo mtupu ulirejea wekundu wake. Uji ukabaki mweusi, kwa kuwa hewa haikuweza kuupenya. Kila unywele na kila pambo la joho ni chale iliyopigwa kabla ya moto, ikafikia udongo wa chini.

Humo ndimo ilimo maana ya kazi hii. Achilles atafia Troy. Ajax ataibeba maiti yake, kisha atajiua kwa upanga. Mchezo huu haumo katika Iliad ya Homer, na mchoraji hakuonyesha damu wala kilio. Ameonyesha watu wa udongo ule ule wa mtungi, waliotengwa nao kwa moto tu. Na mmoja amepitwa kwa nukta moja.

Lipo la kulaumiwa. Majoho yamejaa chale hata jicho huchoka. Miaka hiyohiyo wachoraji wengine wa Athens waligeuza kanuni: walipaka uji nyuma ya watu, wakawaacha watu wekundu, na viungo wakavichora kwa mstari wa uji. Walipata wepesi wa mwendo, lakini utulivu huu mzito hawakuupata.

Mithali husema mfinyanzi hulia gaeni. Exekias hakuridhika na gae: ameandika mtungini kwamba yeye ndiye aliyeuchora na kuufanya. Anayetenga ufundi wake na sanaa yake aikana sahihi hiyo.