i5 Mbili Zisizolingana

Laptopu mbili za mtumba zinaweza kuwekwa kwenye meza moja mjini Bariadi, zote HP EliteBook 840, zote zikiwa na kibandiko cha Core i5. Moja ni G4, ina prosesa ya i5-7300U yenye viini (cores) viwili. Nyingine ni G5, ina i5-8350U yenye viini vinne. Kati ya matoleo hayo mawili umepita mwaka mmoja hivi tu.

Kwa karibu muongo mzima Intel, watengenezaji wa Core i5, hawakuwa na mshindani wa kuwasumbua. Tangu 2007 prosesa yao ya kompyuta ya kawaida ya mezani ilikomea viini vinne, na aliyetaka vinane mwaka 2016 alilipa zaidi ya dola 1,000 kwa Core i7-6900K. Mkulima wa pamba wa Itilima hahitaji kuelezwa bei inakuwaje mnunuzi anapokuwa mmoja. Huku aliyekuwa mmoja ni muuzaji.

Machi 2017 wapinzani wao AMD wakaleta Ryzen 7 1800X, viini vinane kwa dola 499. Ukidhani walijitoa mhanga kuuza kwa hasara, hapana. Walibadili namna ya kutumia silikoni.

Prosesa huchongwa kwenye kisahani chembamba cha silikoni chenye kipenyo cha milimita 300, na kisahani hakikosi kasoro hapa na pale. Ukichonga chipu kubwa, kasoro moja yaweza kuiharibu yote. Ukichonga ndogondogo, kasoro ileile inaondoka na kipande kimoja, vingine vinauzwa. AMD walisanifu kipande kimoja cha viini vinane, milimita za mraba 213, wakakitumia kwenye kompyuta za mezani. Kwa EPYC, prosesa zao za seva, wakaunganisha vinne, vikatoka viini 32. Kwa hesabu zao wenyewe, chipu moja nzima ya viini 32 ingekuwa na milimita za mraba 777, ilhali vipande vinne vinafika 852. Silikoni imeongezeka, lakini gharama imeshuka hadi asilimia 59 ya ile ya chipu moja! Kwangu huo ndio usanifu bora wa muongo ule.

Intel walikuwa wamekwama: teknolojia yao ya nanomita 10 ilichelewa miaka kadhaa. Wakaongeza viini kwenye ile ya zamani. Agosti 2017, kwa prosesa za kizazi cha nane, laptopu nyembamba zikapata viini vinne kwa umeme uleule wa wati 15, na siamini kwamba ilitokea kwa bahati tu. Mwaka 2019 wakatoa Core i9-10980XE kwa dola 979. Mtangulizi wake wa viini 18 vilevile alikuwa dola 1,979.

Microsoft nao wakaweka mpaka hapohapo: kwa upande wa Intel, Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha nane kwenda juu, na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo ofisi za ng'ambo zina sababu ya kuziondoa za kizazi cha sita na cha saba, na nyingi za namna hiyo huishia kwenye soko la mtumba.

Mwenye steshenari au mwalimu wa Maswa anayetafuta mashine ya kuchapia mitihani asiridhike na kibandiko. Asome namba inayofuata baada ya i5: ikianza na 7 ni kizazi cha saba, ikianza na 8 ni cha nane. Ili kuiona, awashe mashine, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, afungue ukurasa wa CPU. Idadi ya viini nayo imeandikwa pale chini ya mchoro, na bei ijadiliwe kuanzia hapo.