Lisemwalo Lipo, Lakini Linaitwaje?

Katika uvumi wote wa mapenzi uliowahi kutoka Hollywood, ninaourudia zaidi ni ule wa Clark Gable na Loretta Young, kwa sababu ulikuwa na ukweli ndani yake. Habari nyingi za aina hii haziendi mbali: fulani alionekana akitoka hotelini, fulani na fulani hawasemeshani tena. Hii ilikuwa na mtoto. Waliovumisha waliposema Gable ndiye baba, hawakukosea. Hata hivyo, kadiri ninavyozidi kuisoma, ndivyo ninavyoona kwamba mtu anaweza kuwa na habari sahihi akaibebesha hadithi isiyo yake.

Mapema mwaka 1935 waigizaji hao wawili walikuwa kwenye theluji karibu na Mlima Baker, jimbo la Washington, wakitengeneza The Call of the Wild chini ya mwongozaji William Wellman. Gable alikuwa na miaka 34 na mke nyumbani. Loretta alikuwa na miaka 22, hana mume, Mkatoliki wa kushika dini. Novemba mwaka huohuo alijifungua kwa siri mtoto wa kike, Judy. Mtoto akafichwa, akapelekwa kwenye kituo cha watoto yatima, kisha mama yake mzazi akatangaza kwamba amemwasili. Studio za wakati ule zilikuwa na vipengele vya maadili katika mikataba yao, na kashfa ya namna hii ingeweza kuwamaliza wote wawili. Judy alikuwa na masikio yaliyochomoza kama ya Gable. Alivalishwa kofia za kuyafunika, na alipofika miaka saba akafanyiwa upasuaji ili yalale.

Kwetu wazee husema kitanda hakizai haramu. Husemwa ili kuwafunga watu midomo, mtoto akue akiwa na kwao. Nyumbani kwa Loretta mambo yalipinduliwa: ili aishi na mwanawe, ilibidi kwanza amkane.

Filamu yenyewe imekuwa ikitazamwa kama ushahidi. Kitabu cha Jack London cha mwaka 1903 ni hadithi ya mbwa, na Claire Blake, mhusika wa Loretta, hayumo. Aliongezwa ili Gable apate mtu wa kumpenda. Mumewe anadhaniwa amepotelea nyikani, Gable anamwokoa, wanapendana wakitafuta dhahabu, na mwishoni mume anapatikana hai naye anarudi kwake. Kanuni za maadili za filamu zilikuwa zimeanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, na mwisho huo unazitii. Watazamaji wanaoujua uvumi hupenda kusema kwamba hapa hakuna uigizaji, hawa watu wanapendana kwelikweli, tazama macho yao.

Nimeyatazama. Ninachokiona ni kazi. Loretta alikuwa mbele ya kamera tangu utotoni, na katika filamu hii anajua hasa ni wakati gani wa kuchelewesha jicho, wakati gani wa kugeuza uso kabla sentensi haijaisha. Claire anampenda mtu asiyepaswa kumpenda, na Loretta anatuonyesha mapenzi hayo kwa kuyazuia. Ni ustadi wa binti wa miaka 22 aliyekwisha kuiva katika fani. Tukisema haigizi, tunamnyang'anya kazi yake na kuigeuza kuwa ungamo ambalo hakulitoa.

Mwaka 2015 mkwe wake alisimulia jambo ambalo familia ilikuwa imelinyamazia. Alisema Loretta, akiwa kikongwe wa zaidi ya miaka 80, aliwahi kusikia kwenye televisheni watu wakizungumzia kubakwa na mtu unayemfahamu, akauliza maana yake. Alipoelezwa, akasema hilo ndilo lililotokea kati yake na Gable, ndani ya treni ya kurudi kutoka kule mlimani. Gable alifariki mwaka 1960 na hawezi kujibu. Loretta naye alikuwa amefariki tangu mwaka 2000. Tunalo neno la mwanamke lililotufikia kwa kinywa cha mkwewe, na kila mmoja atalipima. Mimi ninapolipima, kinachonishtua ni kwamba katika miaka 80 ya minong'ono, swali la kama Loretta alitaka halikuwa sehemu ya uvumi. Studio zilitaka kimya na wambea walitaka mahaba. Walivutana miaka yote hiyo, lakini walikubaliana kwamba kilichokuwa kinafichwa ni mapenzi.

Judy mwenyewe aliandika kitabu, Uncommon Knowledge, kilichotoka mwaka 1994. Wengi walikinunua kwa ajili ya Gable. Kurasa zenye uzito zaidi ni zile za mtoto anayeishi ndani ya nyumba ambayo kila mgeni anajua asichokijua yeye. Gable alifika pale mara moja, Judy akiwa na miaka 15, wakazungumza, akaondoka. Ukweli aliupata mwaka 1958 kutoka kwa mchumba wake, muda mfupi kabla ya harusi, akiwa na miaka 22, umri uleule aliokuwa nao mama yake kule kwenye theluji. Mchumba hakuwa mpelelezi. Alirudia tu kilichokuwa kikisemwa mjini.

Kwa hiyo siwezi kuujia juu umbea kirahisi. Bila huo, huenda Judy angezeeka akiamini ni mtoto wa kuasiliwa. Mama yake alikuja kukiri faraghani mwaka 1966, baada ya kuulizwa. Hadharani, ukiri ulitoka katika wasifu wake uliochapishwa baada ya kifo chake. Lakini umbea uliompa Judy baba ulimpa pia hadithi nzima iliyokuja naye: watu wawili wazuri, mlima, theluji, wakashindwa kujizuia. Kitabuni mwake naye aliishika hadithi hiyo. Nani angemlaumu? Mtoto aliyekanwa angetaka angalau awe ametokana na mapenzi. Alifariki mwaka 2011, kabla dunia haijasimuliwa habari ya treni.

Waswahili tuna msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Uvumi huu unautetea msemo huo vizuri sana, kwani lililosemwa lilikuwapo, na lilikuwa na masikio yaliyochomoza. Msemo hautuambii kwamba anayelisema ndiye anayelichagulia jina. Filamu za zamani zinarudi kila siku kwenye simu zetu, na kila moja inakuja na mkia wake wa fulani alikuwa na fulani. Nitaendelea kuisikiliza mikia hiyo, maana ina utamu wake na wakati mwingine ina ukweli. Ila nikiambiwa walikuwa wapenzi, nitauliza kwanza nani kasema, na kama kati ya wale wawili yupo aliyewahi kulitumia neno hilo.