Si Nguvu, Ni Uzito

Mwanafunzi mpya wa masaji ya Kithai hujulikana kwa mabega. Yamepanda hadi masikioni, viwiko vimekunjika, dole gumba limekuwa jeupe kwa kukazana, na jasho limeanza kumchuruzika kabla hajamaliza hata muundi mmoja. Mwalimu humwambia anyooshe mikono, asogeze magoti karibu na anayekandwa, kisha auachie mwili wake uende mbele wenyewe mpaka uzito ufike kwenye kiganja. Asisukume. Maagizo ni mepesi kuyasikia, lakini kuna wanaoyahangaikia miaka.

Kazi hii haina mafuta wala kitanda kirefu. Mteja hulala sakafuni juu ya godoro jembamba, amevaa nguo pana za pamba, na mkandaji hupiga magoti ubavuni pake. Huanzia nyayoni, akapanda pole pole: kifundo, muundi, paja, nyonga, mgongo, mabega, kichwa. Akibonyeza huinuka, akiinuka huegemea tena, kwa mwendo mmoja usiokatika. Baadaye huja kuvuta na kukunja, goti likapelekwa kifuani, mgongo ukapindwa kama unavyopenda kupindwa, si zaidi. Saa mbili hupita hivyo. Mkandaji mwanamke mwembamba anaweza kumgeuza jitu la kilo mia bila kuhema, na anayetazama hudhani ana siri. Hana siri, ila hajakosea pa kuweka goti lake.

Thailand ina mahali ambapo elimu hii ilitundikwa hadharani. Katika miaka ya 1830 Mfalme Rama wa Tatu alilikarabati hekalu la Wat Pho, Bangkok, akaamuru maarifa ya nchi yachongwe kwenye mawe: ushairi, dini, dawa, na michoro ya mwili wa binadamu mbele na nyuma, umejaa mistari na alama za pa kubonyeza. Mwaka 1836 zikaundwa na sanamu 80 za marishi, yaani watawa wa kale, wanaojinyoosha viungo, kila mmoja na maradhi anayoyatibu. Nyingi zimepotea, zilizobaki bado zimekaa bustanini zikijikunja. UNESCO iliyaingiza maandishi hayo katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2011, na masaji yenyewe yakatambuliwa kama urithi wa ubinadamu mwaka 2019. Heshima hizo ni nzuri. Mimi lakini nayastaajabia zaidi yale mawe, kwa sababu ujuzi wa tiba una tabia ya kufichwa ndani ya ukoo, na hapa apitaye yeyote aliweza kusimama akasoma.

Mistari ile huitwa sen. Mapokeo husema iko 72,000, lakini mwanafunzi hufundishwa kumi, yote ikianzia karibu na kitovu, na ndani yake hupita upepo, mmoja wa asili nne pamoja na udongo, maji na moto. Daktari wa upasuaji hataiona kwa kisu chake. Hilo halinikoseshi usingizi. Nahodha wa jahazi hakuhitaji kujua nyota zimeumbwa kwa kitu gani ili afike Lamu. Mistari huupa mkono utaratibu, usiruke mahali, usikimbilie panapouma.

Na kuna mahali mkono hautakiwi kufika ovyo. Kwenye kinena, mkandaji hutafuta kwa kiganja pigo la mshipa mkubwa wa damu. Akilipata huegemea, akatulia, akahesabu pumzi. Mguu huanza kupoa na kuwa mzito. Halafu anaachia taratibu, na joto hushuka ghafla mpaka vidoleni. Wenyewe huita tendo hilo kufungua lango la upepo. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, mimba au mishipa iliyovimba miguuni hafanyiwi kabisa. Ndiyo maana mwanafunzi mwema huuliza maswali mengi kabla ya kugusa, na mwenye haraka hupaswa kurudishwa nyumbani.

Ziko pia dawa za kukandia. Manjano, mchaichai, maganda ya ndimu, majani ya mkwaju, kafuri, chumvi, na mzizi mmoja wa jamii ya tangawizi uitwao plai hupondwa, hufungwa kwenye kitambaa cha pamba kama tonge kubwa, kisha huwekwa juu ya mvuke. Mkandaji hulijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Tonge hilo hutumika hata kwa mzazi, ambaye kwa desturi ya zamani huko alikalishwa karibu na moto siku kadhaa baada ya kujifungua. Bibi wa pwani yetu aliyekanda wazazi kwa maji ya moto asingehitaji mkalimani hapo.

Kazi hii ina doa lake, na kulinyamazia ni unafiki. Neno masaji, Bangkok kama Nairobi au Dar es Salaam, huwafanya watu wacheke chini kwa chini, maana vipo vibao vinavyouza kitu kingine. Wanaoumia ni wale waliokaa darasani. Thailand imeweka masharti: anayetaka kufanya kazi kwenye maduka yaliyosajiliwa hutakiwa awe amemaliza mafunzo ya saa 150. Cheti hakimfanyi mtu kuwa fundi, ila humpa pa kusimamia.

Huko Chiang Mai, gereza la wanawake huwafundisha kazi hii wafungwa waliokaribia kumaliza vifungo vyao. Wakishahitimu huwahudumia wateja wa mjini na watalii katika kituo cha gereza, na malipo yao huwekwa mpaka siku ya kutoka. Mteja huvua viatu, akalala chali, akamkabidhi mguu wake mtu ambaye jamii ilikwisha kusema hafai kuaminiwa na chochote. Kutoka ndiko kugumu, kwa kuwa waajiri wengi walikataa kuwachukua. Hadi aliyekuwa mkuu wa gereza hilo akaamua kufungua maduka yake mwenyewe ya masaji mjini humo, akawaajiri.